Anakijua Kiingereza kwenye karatasi, akiambiwa aongee anaganda: tujadili hofu hii kwa undani

MwalimuMsikivu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nafundisha vipindi vya mazungumzo ya Kiingereza, na kuna jambo moja nimejiridhisha nalo kabisa: mwanafunzi anayeganda akiambiwa aongee mara nyingi si mvivu, wala si kwamba hajui. Anajua. Kinachomshinda ni kukifikia anachokijua wakati macho ya watu yako juu yake. Na ile dawa tuliyozoea kumpa, "jiamini tu, usiogope", haigusi mahali penye ugonjwa. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Tuanze na kinachoonekana. Mwanafunzi anapewa picha aieleze mbele ya wenzake. Mzee amekaa kwenye benchi la kituo cha treni, begi liko miguuni, anatazama saa. Mpe mwanafunzi huyo huyo kalamu na muda wa kutosha, ataandika kwamba mzee anamsubiri mtu aliyechelewa, kwamba pengine ameanza kukata tamaa, kwamba begi lile ni la safari ndefu. Msimamishe mbele, utasikia: "There is a man. He is sitting. There is a bag." Halafu kimya. Vidole vinakunjakunja kona ya karatasi, macho yanamtafuta mwalimu, na sentensi ya nne haiji.

Hebu angalieni alichotoa. Hakuna kosa hata moja la sarufi. Kilichopotea ni fikra zake: yule anayesubiriwa, kukata tamaa, safari. Mwaka 1986 Steinberg na Horwitz walilipima jambo hili hasa. Waliwapa wanafunzi wa Kiingereza picha wazieleze, wengine katika mazingira tulivu, wengine katika mazingira yaliyopangwa makusudi yalete wasiwasi. Waliotiwa wasiwasi walibaki zaidi kwenye vitu vinavyoonekana, na wakathubutu kidogo sana kufasiri picha ina maana gani. Sasa mfikirie mtahini anayesikiliza sentensi tatu zile. Anaandika "msamiati finyu, mawazo hafifu", na kwa dhati kabisa anaamini amepima msamiati na mawazo.

Kwa nini inakuwa hivi? Kuongea ni kazi ya kasi mno. Willem Levelt, katika kazi yake ya mwaka 1989, aliigawa katika hatua: unapanga unachotaka kusema, unatafuta maneno na kuyapanga kisarufi, unatamka, na muda wote huo unajisikiliza mwenyewe. Mtu anayeongea lugha yake hutoa maneno mawili hadi matatu kwa sekunde bila hata kuwaza sarufi, kwa sababu hatua za kati zinajiendesha zenyewe. Mwanafunzi bado anaziendesha moja moja. Kitenzi kiwe cha wakati gani? Ni umoja au wingi? Neno hili mkazo unakaa wapi? Yote hayo anayashikilia kwenye ile kumbukumbu ya papo kwa papo ambayo Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza mwaka 1974, na nafasi yake ni finyu kwa kila binadamu, hata awe na akili namna gani.

Hofu inaingia na maswali yake. Wananicheka? Nimekosea? Mbona mwalimu amekunja uso? Maswali haya nayo yanataka kukaa kwenye nafasi ile ile finyu. Hapo ndipo neno alilolijua jana usiku linapogoma kutoka. Halijafutika. Kipindi kikiisha, akiwa kwenye ngazi anashuka, linamjia lenyewe na linamuumiza zaidi.

Mwili nao hauko mbali: moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, pumzi inakuwa fupi na sauti inakatika katikati ya sentensi. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana, wakati mwenye mwili anatakiwa akumbuke umbo la kitenzi.

Kuna wanaosema hofu ni hofu tu, hata mtihani wa hesabu unaogopwa. Ndiyo, lakini hii ya lugha ngeni ina upekee wake. Mwaka 1986 hiyo hiyo Elaine Horwitz, Michael Horwitz na Joann Cope wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walitoa dodoso la kauli 33 la kupima wasiwasi wa darasa la lugha ya kigeni. Kila kauli hupewa alama 1 hadi 5, kwa hiyo jumla huanzia 33 na kuishia 165. Dodoso hilo linatumika duniani kote hadi leo. Waliihusisha hofu hii na mambo matatu: woga wa kuwasiliana na watu, woga wa mtihani, na woga wa kuhukumiwa vibaya na wengine. Hoja yao iliyonigusa kuliko zote ni kwamba darasa la lugha linamvua mtu utu wake mbele ya watu. Kwenye hesabu ukikosa jibu bado wewe ni yule yule, mtu mwenye hoja na utani wako. Kwenye lugha usiyoimudu, mtu mzima mwenye busara anajikuta ana sentensi za mtoto mdogo. Hawezi kutania, hawezi kubisha kwa adabu, hawezi kufafanua. Anaonekana mjinga na anajua kwamba anaonekana hivyo. Nani asingenyamaza?

Nije kwenye takwimu. Mwaka 2019 Yasser Teimouri, Julia Goetze na Luke Plonsky walikusanya ripoti 97 za utafiti zenye washiriki zaidi ya 19,000 wakazichambua kwa pamoja. Uwiano kati ya wasiwasi na ufaulu wa lugha ulitoka −0.36. Kwa wasiozoea kipimo hiki: 0 maana yake vitu viwili havihusiani, na −1 maana yake kimoja kikipanda kingine lazima kishuke. Kwa hiyo −0.36 si ya kupuuzwa, ila pia inatuambia kuwa wapo wenye hofu wanaofanya vizuri na wapo watulivu wanaofeli. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo walimu wanaodhani hofu ikiondoka kila kitu kitanyooka. Msamiati hauingii kichwani kwa utulivu peke yake.

Sasa turudi kwa "jiamini". Neno hili linamtaka mtu aanze na kile kinachokuja mwisho. Kujiamini huja baada ya mtu kuongea mara nyingi bila kuumizwa. Kazi ya mwalimu ni kupanga mambo manne: nani anamsikiliza mwanafunzi, amepewa muda gani wa kujiandaa, habari hiyo ameshaisema mara ngapi, na akikosea kinatokea nini.

Msikilizaji wa kwanza awe mmoja, jirani wa dawati. Kisha wawili wawe wanne. Kusimama mbele ya wote kuje mwisho, tena kwa habari ambayo mwanafunzi ameshaisimulia huko nyuma mara kadhaa. Na muda, jamani, muda! Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani, na katika machapisho yake ya miaka ya 1970 alionyesha kuwa mwalimu akiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuingilia. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Darasa la lugha ngeni linahitaji subira hiyo maradufu, kwa sababu mwanafunzi anatafuta jibu na pia anatafuta maneno ya kulivalisha. Jaribu kuhesabu sekunde tano kimoyomoyo baada ya kuuliza swali. Utaona zilivyo ndefu, na utaona mikono inayoanza kupanda kwenye sekunde ya nne.

Naishia hapa kwa sasa. Karibuni.

Nyuki_wa_Asubuhi

Nimeweka kambi hapa. Hiyo ya neno kukujia ukiwa kwenye ngazi imenichoma.

KalamuNyekundu

Mkuu, naheshimu ulichoandika, lakini nusu yake sikubaliani nayo. Nimesahihisha mitihani miaka mingi. Wengi wanaoganda wakiongea ni wale wale ambao insha zao nazo ni za kuokoteza. Hawana akiba ya lugha. Mtu mwenye maneno haogopi, ataogopa nini? Kwangu mimi hofu ni moshi, moto ni kutojua. Tukianza kuwaambia "una wasiwasi wewe, pole", tumewapa kisingizio cha kutosoma. Mwanafunzi akajaze msamiati, akazoeze sarufi, hofu itaondoka yenyewe.

MwalimuMsikivu

Mkuu KalamuNyekundu, hoja yako ni nzito na ina watu wakubwa nyuma yake. Richard Sparks na Leonore Ganschow wamekuwa wakisema hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: kwamba wengi wenye wasiwasi wana ugumu wa lugha uliotangulia, tangu kwenye kushika sauti na sarufi, na wasiwasi ni matokeo. Mjadala huo haujafungwa, na mimi nakubali kwamba kwa wanafunzi wengi ndivyo ilivyo. Asiyejua ana haki ya kuogopa.

Lakini kuna mambo mawili yanayonizuia nisiishie hapo.

Peter MacIntyre na Robert Gardner, mwaka 1994, waliwapa wanafunzi kazi ya kujifunza maneno ya Kifaransa, kisha kwa baadhi yao wakaingiza kamera ya video katikati ya kazi. Kamera haimpunguzii mtu msamiati. Wanafunzi ni wale wale, uwezo ni ule ule. Hata hivyo, kamera ilipoingia wasiwasi ulipanda, kazi ikayumba, na baadaye walipoizoea wakarudi kwenye hali yao. Kama hofu ingekuwa moshi tu, kamera isingefanya kitu.

La pili ni wale wanafunzi hodari wanaoganda. Unawajua, mkuu, hata kama ni wachache kwenye rundo lako la karatasi. Insha safi, alama za juu, na kipindi cha mazungumzo wanakaa dawati la nyuma. Tammy Gregersen na Elaine Horwitz waliwarekodi wanafunzi wa Kiingereza wa chuo nchini Chile wakiongea, wakawaonyesha video zao wenyewe, na wakachapisha matokeo mwaka 2002. Wenye wasiwasi walijiwekea viwango vya ukamilifu visivyofikika, wakahesabu makosa yao kuwa mengi na makubwa, wakajilaumu. Wasio na wasiwasi walikosea pia na wakaendelea na maisha. Mwanafunzi wa namna hii ukimwambia "kajaze msamiati" unamwongezea mzigo. Msamiati anao. Anachokosa ni ruhusa ya kukosea mbele ya watu.

Halafu mkuu, tuseme wewe umeshinda, hofu ni matokeo ya kutojua. Akishaogopa anafanya nini? Ananyamaza. Akinyamaza hapati mazoezi, na asipopata mazoezi anazidi kutojua. Hata kama moto ulianza upande wako, sasa unawaka pande zote mbili, na lazima tuuzime kote.

KalamuNyekundu

Hapo kwenye kamera nimekuelewa. Naongeza tu kwamba vitu hivi viende pamoja. Nimeona vipindi vya mazungumzo ambavyo ni vicheko na michezo mwanzo mwisho, mtoto anatoka anafurahi na hana neno jipya hata moja.

MwalimuMsikivu

Kabisa. Kabla ya kuwapanga wawili wawili, wape maneno ya kazi hiyo na waone yanavyotumika. Kumtaka mtu aongee mikono mitupu ni ukatili mwingine.

SautiYaChini

Mwalimu, mimi ndiye huyo mwanafunzi. Nasoma uzi huu kama vile mtu amekaa ndani ya kichwa changu.

Kwangu iko hivi. Mjadala wa darasani unaanza, mimi natunga sentensi kimoyomoyo. Naiangalia kitenzi, naiangalia tena, nabadilisha neno. Inapokuwa tayari, wenzangu wameshahamia jambo lingine na sentensi yangu haina pa kuingia. Basi natunga nyingine. Kipindi kinaisha sijafungua mdomo na nimechoka kuliko walioongea. Siku nikiitwa kwa jina, nasikia sauti yangu inatetemeka na ninajua kila mtu anaisikia, na hapo ndipo nasahau kila kitu.

Nina mtihani wa kuongea wa IELTS, ule wa kimataifa wa kupima Kiingereza, unakuja. Kuandika siogopi, kusoma siogopi. Hiyo ya kukaa na mtahini uso kwa uso ndiyo inaninyima usingizi. Nifanye nini?

MwalimuMsikivu

SautiYaChini, asante kwa kuandika haya. Ulichokieleza cha kutunga sentensi hadi mjadala unakupita, wanakifanya wengi, na wanaofanya hivyo ni wale wanaojali. Tuanze na kutetemeka kwa sauti.

Umesema unajua kila mtu anaisikia. Hilo ndilo nataka ulilegeze. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha utafiti mwaka 2003 kuhusu watu wanaotoa hotuba. Wazungumzaji walidhani hofu yao inaonekana wazi kwa wasikilizaji, kumbe wasikilizaji waliona kidogo kuliko walivyodhani. Na kilichonifurahisha: wazungumzaji walioelezwa jambo hili kabla ya kusimama walihutubia vizuri zaidi, kwa tathmini yao wenyewe na ya wasikilizaji. Hawakuambiwa wasiogope. Waliambiwa ukweli kwamba hofu iliyo ndani haivuji nje kwa kiasi wanachodhani. Ukweli huo sasa unao, nenda nao.

Usihangaike kuufanya moyo utulie kabisa. Alison Wood Brooks mwaka 2014 alionyesha kuwa watu waliojiambia wamesisimka na wana hamu, badala ya kujilazimisha watulie, walifanya vizuri zaidi katika kuimba, kuhutubia na hesabu. Moyo unaodunda kwa hofu na unaodunda kwa hamu ni moyo mmoja, hivyo ni rahisi kuubadilishia maana kuliko kuunyamazisha.

Mtihani wenyewe ujue ulivyo, maana nusu ya hofu ni giza. Mazungumzo huchukua dakika 11 hadi 14. Sehemu ya kwanza ni maswali kuhusu wewe na mambo ya kawaida. Ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa pamoja na karatasi na penseli, kisha unaongea dakika 1 hadi 2. Ya tatu ni mjadala unaotokana na mada hiyo. Mtahini akikukatiza dakika mbili zikitimia, usidhani umeharibu, ni utaratibu wa saa. Na alama zinagawanywa sawa katika maeneo manne: mtiririko na mpangilio wa maelezo, msamiati, sarufi, na matamshi. Angalia hapo. Sentensi yenye kosa dogo iliyotoka inakupa kitu. Sentensi kamilifu iliyobaki kichwani haina alama popote.

Ile dakika moja usiandike sentensi. Andika maneno manne au matano yanayobeba habari: nani, wapi, kilitokea nini, nilijisikiaje, kwa nini nakumbuka. Ukiandika sentensi utaishia kuisoma, na ukikwama katikati huna pa kurudi.

Mazoezi: chukua mada moja, jirekodi kwa simu ukiongea dakika nne. Kisha isimulie tena habari ile ile kwa dakika tatu. Kisha kwa mbili. Njia hii ilielezwa na Keith Maurice mwaka 1983 kwa ajili ya darasani, kila mara ukiwa na msikilizaji mpya, na Paul Nation akaieneza. Mara ya kwanza utasitasita kila mahali. Mara ya tatu maneno yameshapata njia na akili inabaki na nafasi ya kusikiliza sarufi. Ukipata rafiki wa kumsimulia, bora zaidi. Simu haina uso, na wewe unahitaji kuzoea uso.

Na darasani, hebu jipe kazi ndogo: ongea ndani ya dakika tano za mwanzo, hata kama ni kukubaliana tu na mwenzako na kuongeza sababu moja. Kadiri unavyokaa kimya ndivyo sentensi yako ya kwanza inavyozidi kuwa nzito.

MwalimuWaWengi

Mleta uzi, hongera. Mimi darasa langu limejaa hadi mlangoni. Ukisema wawili wawili ni kelele, na nikiwaacha wanarudi kwenye lugha yao. Halafu swali langu kubwa: nisahihishe lini? Nikisahihisha wananyamaza, nisiposahihisha makosa yanaota mizizi. Mwenzangu anasema arudie tu sentensi kwa usahihi kwa upole, mwanafunzi ataiga.

MwalimuMsikivu

Mwalimu mwenzangu, kelele za watu wanaoongea Kiingereza ni kelele za kazi. Mwanafunzi mwoga anaipenda kelele hiyo, kwa sababu ndani yake hakuna anayemsikia isipokuwa jirani yake. Wakirudi kwenye lugha yao wape kwanza dakika mbili za kupanga mawazo kwa lugha hiyo hiyo, halali kabisa, kisha Kiingereza. Wengi wanarudi huko kwa sababu hawajapata la kusema. Na kila jozi iwe na jambo la kutoa mwishoni. Wakijua wataulizwa walichokubaliana, wanafanya.

Kuhusu kusahihisha, ngoja nieleze kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo tunapowaumiza wengi kwa nia njema.

Mwanafunzi anasimulia: "Yesterday I go to my uncle, and he was very sick, and I..." Mwalimu anamkata: "Went!" Mwanafunzi anasema "went", anatazama chini, na mjomba mgonjwa ameishia hapo. Hatutajua kama alipona. Mwanafunzi alikuwa anasema jambo linalomhusu moyoni, akaambiwa kwamba aliyekuwa akimsikiliza alikuwa anasikiliza kitenzi. Mara ijayo atachagua habari isiyo na uzito, au hatachagua kitu.

Ile njia ya mwenzako, ya kurudia sentensi kwa usahihi, ni ya upole kweli na haimvunji mtu. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi mwanafunzi hagundui kuwa amesahihishwa. Roy Lyster na Leila Ranta walifuatilia madarasa ya Kifaransa nchini Kanada, matokeo yakatoka mwaka 1997. Kurudia kwa usahihi kulikuwa zaidi ya nusu ya masahihisho yote ya walimu, asilimia 55, na ndiko kulikozaa mwitikio mdogo zaidi kutoka kwa wanafunzi. Njia zilizomwachia mwanafunzi ajirekebishe mwenyewe, kama kumwomba afafanue au kumdokeza kuwa kuna kitu, zilimfanya afanye kazi.

Ninachofanya mimi ni kutenganisha wakati. Wakiongea, nazunguka na daftari naandika makosa bila majina. Mwisho wa kipindi naandika ubaoni machache tu, yale yanayojirudia kwa wengi, na darasa zima linayarekebisha. Hakuna anayejua lilikuwa la nani. Kosa linaloharibu maana pekee ndilo naliuliza pale pale, kwa swali la mtu anayetaka kuelewa: jana ulikwenda, au huwa unakwenda? Anajirekebisha na mjomba anaendelea kuwapo kwenye habari.

Na wanaocheka wenzao wasiachwe. Mwalimu akinyamazia kicheko kimoja, darasa zima limesoma sheria.

MzaziMakini

Samahani kuingilia, mimi si mwalimu. Binti yangu anasema haongei kwa sababu lafudhi yake si kama ya wanaozungumza kwenye filamu. Namsikia chumbani akiigiza wale wasemaji kwa saa nzima, ila mbele za watu hasemi neno. Nimtafutie mtu wa kumfundisha lafudhi?

MwalimuMsikivu

Mzazi mwenzangu, usiombe samahani, uko mahali pako.

Murray Munro na Tracey Derwing, katika utafiti wao wa mwaka 1995, walionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito ya kigeni na bado akaeleweka vizuri kabisa. Kuwa na lafudhi na kutoeleweka ni vitu viwili. Mfundishe binti atazame kueleweka: mkazo wa neno ukae mahali pake, sauti za mwisho wa neno zisimezwe, asikimbie. Kiingereza leo kinazungumzwa zaidi na watu waliojifunza wakiwa na lugha nyingine kinywani, na kila mmoja wao ana lafudhi yake.

Kile anachofanya chumbani usikizuie, ni mazoezi mazuri ya ulimi. Ila mtafutie msikilizaji mmoja anayemwamini, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza hata kama Kiingereza chako si kingi. Akikusimulia kitu, mjibu kuhusu kile kitu. Usimsahihishe neno, na usimwite aongee Kiingereza mbele ya wageni ili waone anavyojua.

Nigusie jambo jingine haraka. Kama mtoto anaogopa hata kuongea lugha yake mwenyewe mbele ya watu, anakwepa shule, hapati usingizi au hali chakula vizuri kwa ajili ya hofu, hilo limevuka mambo ya Kiingereza. Aonwe na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili.

MzaziMakini

Hilo la wageni tumelifanya sana nyumbani. Leo limeisha. Shukrani.

SautiYaChini

Mwalimu, nimejaribu ile ya dakika nne, tatu, mbili. Ya kwanza ilikuwa mbaya sana, nilitaka kuifuta. Ya tatu niliisikiliza mara mbili, sikuamini ni mimi. Swali la mwisho: nikiwa katikati ya kuongea na neno likagoma kabisa, pale mbele ya mtahini, nifanye nini sekunde ile?

MwalimuMsikivu

Usiifute ile ya kwanza, itunze uje uilinganishe.

Neno likigoma, usilisubiri mlangoni. Lizunguke. Umesahau "ladder"? Sema "the thing you climb to reach the roof". Umeeleweka, na mtahini anahesabu uwezo huo wa kuzunguka neno kama sehemu ya ustadi wa msamiati. Ukihitaji muda, kuwa na misemo miwili au mitatu ambayo ulimi wako umeizoea hadi inatoka bila kufikiri: "Let me think about that for a moment", "What I mean is". Zizoeze kwa sauti ukiwa unaosha vyombo au unatembea, siyo kwa macho, kwa sababu kazi yake ni kukushika wakati kichwa kimekwama, na kichwa kilichokwama hakiwezi kutunga misemo mipya. Swali usipolielewa, omba lirudiwe: "Sorry, could you say that again?" Hata wazawa wa lugha wanaomba hivyo kila siku.

Na ukijisikia umeteleza kwenye kitenzi, kirekebishe mara moja kama kimekujia, vinginevyo endelea na habari. Usirudi nyuma sentensi mbili kukitafuta. Rekodi nyingine leo, mada tofauti, utuletee mrejesho hapa hapa.